Kwa Nyumba ya Magurudumu Mpaka Korongo Kuu



Nyumba nyingi za Wakristo siku hizi zina ndugu walio ng'ambo, na habari zao hutuletea mambo ya nchi tusizozijua. Katika nchi ya Marekani iko desturi moja ambayo yafaa kuelezwa katika gazeti hili, maana ni desturi ya jamaa nzima. Baba, mama, watoto, na mara nyingi bibi pia, huingia katika motakaa moja kubwa yenye vitanda, jiko na choo, wakasafiri pamoja siku kadhaa kwenda kuitazama kazi ya Mungu katika milima na mabonde. Mwezi wa Juni mwaka 2024 nilijaliwa kusafiri hivyo pamoja na jamaa ya mdogo wangu, akaaye katika mji wa Phoenix, jimbo la Arizona. Tulikwenda kulitazama bonde ambalo wenyeji huliita Grand Canyon, yaani Korongo Kuu. Nitaeleza kwanza gari, kisha njia na korongo lenyewe, na mwisho jambo lililotokea tulipokuwa tukishuka na kupanda, kwa kuwa lawahusu wazazi na walimu wote wenye vijana.

NYUMBA ISIYO NA MILANGO

Gari letu lilikuwa la kukodi, urefu wake futi 25. Kwa nje lafanana na lori lililobeba sanduku jeupe. Kwa ndani ni nyumba. Nyuma kipo kitanda cha watu wawili. Juu ya kichwa cha dereva kipo kingine. Na meza ya chakula hushushwa usiku, ikawekwa magodoro, ikawa kitanda cha tatu. Watu sita tulilala humo. Magari ya namna hii si mapya kule. Mwaka 1910 kampuni ya Pierce-Arrow ilikwisha kuonyesha motakaa ya safari ambayo kiti chake cha nyuma kiligeuka kitanda.

Chini ya sakafu mna matangi matatu: la maji safi, la maji ya jikoni na ya kuogea, na la choo. Maji safi hupungua na maji machafu huongezeka, na mwenye gari hana budi kuyapima yote mawili kila asubuhi. Maji machafu hayamwagwi njiani kamwe. Yako mahali palipowekwa kwa kazi hiyo, penye shimo lenye kifuniko, na huko dereva huvaa glavu akayafungulia kwa mpira mnene. Kabla ya kuondoka vyombo vyote hufungiwa kabatini, maana sufuria iliyosahauliwa juu ya jiko huruka penye kona ya kwanza. Shemeji yangu aliandika karatasi ya zamu na kuibandika ukutani: nani apike, nani aoshe, nani atandike, na kila mtu aoge kwa dakika tatu, si zaidi. Jioni tulisali tukiwa tumeketi vitandani, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kuketi.

Lakini yafaa niseme kwa nini safari hii ilifanyika. Mdogo wangu ana watoto wawili, kijana wa miaka 18 na binti wa miaka 9. Kwa miezi mingi baba na kijana walikuwa hawasemezani ila kwa amri na kwa majibu mafupi. Kijana alikuwa amepatana na rafiki zake wawili washuke katika Korongo Kuu mwezi wa Julai, wafike mtoni na kupanda tena siku ile ile. Baba yake alikataza, wala hakueleza sababu. Kijana akajibu kwamba ametimiza miaka 18, na sheria ya nchi yampa ruhusa. Baada ya hayo kila mmoja aliingia chumbani mwake na kufunga mlango.

Mama yetu mzee akaa nao. Siku moja mdogo wangu alipotaja mbele yake ile methali, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mama alimjibu kwa upole, "Mwanangu, la mkuu husikiwa likisemwa. Wewe umekataza tu, hujasema neno. Mpeleke kwanza akaone kwa macho yake, nawe ukaone pamoja naye." Basi likakodiwa gari ambalo ndani yake hapana mlango wa kujifungia.

NJIA

Tuliondoka Phoenix alfajiri, maana mwezi wa Juni joto la mji ule hupita digrii 40 za sentigredi, na injini ya gari zito haipendi kupanda mlima wakati wa adhuhuri. Mji huo uko futi 1,100 tu juu ya bahari, katika jangwa lenye mimea mirefu ya miiba isiyo na majani, isimamayo kama watu walioinua mikono. Toka hapo njia yapanda, yashuka, yapanda tena. Penye mteremko dereva hutia gia ndogo na kuiacha injini izuie gari, asije akachoma breki. Hata tulipofika Flagstaff tulikuwa futi 7,000 juu ya bahari, katikati ya misitu ya misonobari, na mama akaomba shali yake. Toka Phoenix hata ukingo wa kusini wa korongo ni maili 230 hivi. Tulikuwa tumepanda karibu futi 6,000 pasipo kutoka jasho, kwa sababu lililopanda ni gari, si sisi.

Wa kwanza waliojaribu safari ya motakaa kutoka Flagstaff hawakuona wepesi huo. Ilikuwa Januari mwaka 1902, nao walikuwa na gari la mvuke. Walidhani watafika siku ile ile. Lakini gari liliharibika, mafuta yakapungua, nao wakachukua siku kadhaa barabarani. Reli ilikuwa imefika ukingoni tangu mwaka 1901, nao wangaliweza kupanda gari moshi. Hao hawakuwa wa kwanza wala wa mwisho kuihesabu vibaya njia ya Korongo Kuu.

KORONGO

Mtu aendaye huko haonyeshwi dalili yoyote. Nchi ni tambarare, misonobari huku na huku. Kisha miti yakoma, na ardhi nayo yakoma. Mbele ya miguu yako pana shimo lenye kina cha maili moja, na ng'ambo yake ukuta mwingine wa mawe mekundu, meupe, ya kijani na ya zambarau, tabaka juu ya tabaka. Urefu wa korongo ni maili 277, karibu sawa na njia ya motakaa toka Dar es Salaam hata Dodoma. Upana wake mahali pengine wafika maili 18. Kijijini tulipokaa, ndege arukaye kwenda ukingo wa kaskazini ana safari ya maili 10. Lakini motakaa hulizunguka korongo maili 215 kufika pale pale. Huko kaskazini palikuwapo nyumba kubwa ya wageni iliyojengwa kwa mawe na magogo; mwezi wa Julai mwaka 2025, baada ya safari yetu, moto wa msituni uliiteketeza.

Kazi hiyo yote imefanywa na mto Colorado, pamoja na mvua, theluji na upepo. Wataalamu wa mawe husema kwamba mto ulianza kulichimba korongo hili yapata miaka milioni 5 au 6 iliyopita, bali mawe yenyewe ni ya zamani zaidi. Yale ya juu huhesabiwa kuwa ya miaka milioni 270, na yale meusi ya chini kabisa kupita milioni 1,700. Mimi ni mtu wa pwani, na jambo lililonistaajabisha kuliko yote lilikuwa chini ya viatu vyangu. Mawe ya ukingoni ni ya chokaa, na ndani yake mna alama za makombe ya baharini, mahali palipo futi 7,000 juu ya bahari na mbali nayo maili mamia. Mpwani ayajua makombe. Lakini si kilimani.

Mama alitazama kwa muda mrefu pasipo kusema. Kisha akaomba kiti, akaketi, akamwambia mjukuu wake mdogo amsomee Zaburi ya 90, ile sala ya Musa ihesabuyo miaka ya mwanadamu mbele ya umilele wa Mungu. Binti akasoma kwa Kiswahili chake cha kujikwaa, na wageni wengine waliokuwa karibu wakanyamaza, ijapokuwa hawakulijua neno hata moja.

Siku ile tulimwona pia yule tai mkubwa wa nchi hiyo, ambaye mabawa yake yakikunjuliwa hupita futi 9. Mwaka 1982 walikuwa wamesalia 22 tu duniani. Wote wakakamatwa na kufugwa ili wazae, na mwaka 1996 wa kwanza wakaachiliwa Arizona. Sasa huruka tena juu ya korongo, kila mmoja na nambari yake bawani, kama mwanafunzi aliyeandikwa daftarini.

WALIOTANGULIA

Mahali hapa si ukiwa. Wahopi, Wanavajo, Wahavasupai na makabila mengine wamelijua tangu zamani, na Wahavasupai hata leo wana kijiji chini kabisa, Supai, kisichofikiwa na motakaa. Barua zao hushuka kwa nyumbu. Hifadhi ilipowekwa mwaka 1919 watu hao walikuwa wamenyang'anywa nchi yao nyingi, na mwaka 1975 ndipo serikali ilipowarudishia sehemu.

Wazungu wa kwanza kufika walikuwa Wahispania mwaka 1540, chini ya García López de Cárdenas, wakiongozwa na Wahopi. Walikuwa na kiu, nao waliuona mto chini yao kama kijito cha kurukwa. Siku tatu walitafuta pa kushukia. Mwisho watu watatu wepesi walishuka tangu asubuhi, wakarudi alasiri wakisema kwamba wamefika theluthi moja tu ya njia, na kwamba mawe yaliyoonekana toka juu kuwa na kimo cha mtu yamepita kwa urefu mnara mkubwa wa Seville. Mto ulioonekana kijito una upana wa futi 300 hivi.

Mwaka 1869 John Wesley Powell, mwana wa mhubiri wa Kimethodisti, aliyepoteza mkono mmoja vitani, aliupitia mto wenyewe kwa mashua. Walianza watu kumi na mashua nne. Waliotokea mwisho walikuwa sita na mashua mbili. Watatu walikata tamaa siku mbili kabla ya mwisho, wakapanda ukingoni kutafuta njia ya nchi kavu, wakauawa.

KUSHUKA NA KUPANDA

Jioni ile kijana alisoma mbao zote zilizowekwa na walinzi wa hifadhi. Zasema kwamba asijaribu mtu kushuka hata mtoni na kurudi siku moja. Kwamba chini huwa na joto kupita juu kwa digrii 11 au zaidi. Kwamba kupanda huchukua muda mara mbili wa kushuka. Na kwamba maji peke yake hayatoshi, lazima mtu ale na vitu vya chumvi. Akasema, "Hayo ni kwa wazee na wanene." Baba yake akataka kujibu, lakini mama alimtazama, naye akanyamaza. Kisha akasema, "Kesho tutashuka pamoja mpaka Cedar Ridge. Utaongoza wewe."

Cedar Ridge ni mahali kwenye njia iitwayo South Kaibab, maili moja na nusu tu kutoka ukingoni, na futi 1,100 na zaidi chini yake. Vyoo vipo, maji hapana. Tulianza saa kumi na moja na nusu alfajiri, watu watatu, kila mmoja na maji lita tatu, njugu za chumvi na kofia. Kushuka kulikuwa raha. Mawe yalikuwa yakigeuka rangi kwa jua jipya, na kijana akatangulia akipiga mluzi. Kwa dakika 50 tulikuwa tumefika. Akatazama chini, asiuone mto bado. Akauliza, "Baba mkubwa, hapa ni nusu ya njia?" Nikamwonyesha ramani. Tulikuwa hatujafika hata robo. Akasema kwamba nguvu zake zote anazo bado, na kwamba twaweza kuendelea. Baba yake akamwambia, "Ni kweli unazo. Nami sikatazi leo. Ila tupande kwanza mpaka tulikotoka. Na ukifika juu ukiwa bado wataka, tutasema."

Tukaanza kupanda. Jua lilikuwa limeufikia ukuta, na mawe yakaanza kutoa joto kama tanuri. Baada ya nusu saa mluzi ulikoma. Mdogo wangu, aliyekwisha pita miaka 50, akawa akisimama kila penye kona. Kijana akarudi, akamvua mfuko wake na kuubeba yeye. Penye kivuli kidogo tuliketi tukala njugu. Hapo ndipo baba alipomweleza mwanawe habari ambayo katika nyumba yetu haijasemwa kwa miaka 30 na zaidi.

Tulikuwa ndugu watatu. Wa katikati alikuwa mwogeleaji hodari kuliko vijana wote wa Pangani. Alipokuwa na miaka 19 aliogelea kuuvuka mto ule karibu na mlango wake, ijapokuwa alikatazwa, na watu wote wakamwona akisimama ng'ambo na kupunga mkono. Kisha akarudi pasipo kupumzika. Maji yalikuwa yameanza kutoka kwa nguvu, na mikono yake ilikuwa imechoka pasipo yeye kujua. Mdogo wangu alikuwa na miaka 12, naye alisimama ufukweni akitazama.

"Kwenda aliweza," akamwambia mwanawe. "Kila mtu aliona kwamba aweza. Nami uliponiambia habari za mto huu, sikuona mto huu. Nilimwona yeye. Ndiyo maana nilipiga kelele badala ya kusema."

Kijana hakujibu kitu. Alisogea akaketi karibu na baba yake, wakanywa maji ya chupa moja. Kupanda kwetu kulichukua saa moja na dakika 50. Karibu na juu tulikutana na vijana wawili wakishuka, saa mbili na nusu kamili, kila mmoja na chupa ndogo mkononi. Wa kwanza kuwasimamisha alikuwa mtoto wetu. Aliwaambia njia ilivyo, akawapa maji yaliyosalia na njugu zake. Mmoja akamshukuru, mwingine akacheka, wakaendelea kushuka.

Usiku ule baba na mwana walikaa mezani mpaka meza ilipotakiwa kuwa kitanda. Kijana aliwaandikia rafiki zake kwamba hataenda Julai. Akaomba ruhusa ya walinzi ya kulala bondeni, ambayo huombwa miezi mingi mbele, kwa mwezi wa Novemba, joto linapokuwa limepungua. Ruhusa ilipatikana, nao wakashuka pamoja, baba na mwana na mmoja wa wale rafiki. Walilala chini kando ya kijito, wakapanda kwa siku ya pili polepole, wakafika salama. Mdogo wangu aliniandikia: "Mto nimeuona. Tumemtaja ndugu yetu kwa jina lake, tukaomba pale."

KWA WALIMU

Waalimu waweza kuwapa watoto hesabu hii. Njia ya South Kaibab toka ukingoni hata mtoni ni maili 7, na tofauti ya kimo ni futi 4,780, zaidi kidogo ya kupanda kwa miguu toka usawa wa bahari hata Lushoto. Mtu aanza kushuka saa kumi na moja alfajiri, atumia saa nne kufika mtoni, apumzika saa moja, na kupanda kwamchukua muda mara mbili wa kushuka. Je, atafika juu saa ngapi? Wakikwisha kupata jibu, yaani saa kumi na mbili jioni, waulizwe swali la pili: saa sita mchana atakuwa wapi, naye atakuwa akifanya nini? Hapo watafahamu kwa nini watu wenye afya huanguka njiani ile.

Kisha wasomewe Luka 14, habari za mtu atakaye kujenga mnara, aketiye kwanza kuhesabu gharama. Vijana wengi huhesabu gharama ya kwenda, wala hawahesabu ya kurudi. Iko hivyo katika deni, katika kinywaji, katika maneno makali ya nyumbani: kushuka ni kwepesi, tena kuna furaha. Lakini nasi wazazi tuna hesabu yetu. Tukikataza pasipo kueleza, twamwachia mtoto ukingo wa korongo pasipo ubao wa kumwonya. Sababu zetu nyingi ni za kweli, nazo zimenunuliwa kwa machozi. Tusizifiche mpaka mtoto amekwisha kushuka. Mungu azijalie nyumba zetu wakati wa kuketi pamoja na kuambiana, hata ikiwa nyumba ni ndogo na meza ni moja.